Kanda ya Jumapili ya Bomba

Serikali yetu ni sikivu. Nalitanguliza hili kwa sababu wapo watu ambao wakitajiwa habari za Luhende Kapaya hukimbilia kusema kwamba serikali yetu haisikii. Inasikia sana. Inasikia hata ulichomnong'oneza mkeo kitandani, na kesho yake inatuma mtu kuja kukuuliza ulikuwa na maana gani. Lililomfika Luhende halikutokana na uziwi.

Luhende alikuwa mwimbaji wa Mtetemo Jazz, bendi iliyopiga kila Jumapili alasiri katika Ukumbi wa Maridhiano, hapa Mji Mkuu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilikuwa nzito kana kwamba ndani yake amefichwa mtu mwingine mnene. Nyimbo zake zilizopigwa redioni zilikuwa za mapenzi matupu, zimepita kwenye kamati, zimepimwa, zimekatwa kucha. Lakini ukumbini, wimbo ukifika katikati na magitaa yakianza kuchemka, alikuwa akiongeza maneno yake ya papo kwa papo juu ya mambo ya wiki hiyo. Wiki hii bei ya unga, wiki ijayo mganga mkuu anayetibu wagonjwa kwa simu akiwa shambani kwake. Maneno hayo hakuyarudia Jumapili nyingine. Aliyeyakosa ndiyo amekwisha yakosa.

Kwa ajili hiyo palikuwa na watu tuliowaita wanakanda. Aliyejulikana zaidi alikuwa Mwalimu Siwatu, mwanamke wa makamo aliyefundisha jiografia katika sekondari ya wasichana, mwenye miwani minene na hasira za karibu. Alikuja na redio kaseti kubwa ndani ya kikapu cha ukili, akaiweka juu ya meza jirani na spika ya kulia, akabonyeza, akatulia. Mumewe, Singano, alikuwa karani wa reli, mtu mpole. Kazi yake pale ilikuwa kuwazuia watu wasigonge meza na wasimwite mhudumu kwa kupiga miluzi. Wenzao walikuwa wametawanyika kila pembe ya ukumbi, kila mmoja na chombo chake. Katikati ya wiki walitembeleana, wakanakiliana, wakabadilishana: nipe Jumapili ya Unga nikupe Jumapili ya Mganga. Hakuna aliyeuza.

"Sauti ni ya Luhende," Siwatu alikuwa akisema. "Sisi tunaishika tu isidondoke."

Luhende mwenyewe alijua. Kabla hajaanza aligonga kipaza sauti kwa kidole, akauliza, "Mama Kaseti, umekwisha bonyeza?" Siwatu akainua mkono, ukumbi ukacheka, muziki ukaanza.

Redio ya Taifa nayo ilikuwa na kanda zake za bendi hiyo, lakini ilizifuta ili irekodie hotuba. Hotuba zilikuwa zikiongezeka na kanda haziongezeki. Mtu mwenye akili ataona kwamba hapo hapakuwa na namna.

Basi katika wiki ninayoisimulia, Waziri wa Maji na Matumaini, Mheshimiwa Daktari Kidamba, alikwenda kuzindua bomba katika kitongoji kimoja ambacho hakijawahi kuona maji tangu kiitwe kitongoji. Alikata utepe, akafungua koki, maji yakaruka. Akina mama walipiga vigelegele mpaka wakalia. Mheshimiwa akahutubia, maji yakimwagika muda wote huo. Alipofika kwenye shukrani, bomba likakohoa, likatema upepo. Nyuma ya ukuta watoto waliona boza la maji likikunja mpira wake na kuondoka.

Jumapili Mheshimiwa Kidamba akaja Ukumbi wa Maridhiano kupumzika. Aliketi meza ya mbele na sahani ya mishikaki. Luhende alimwona. Sijui kama aliogopa. Wimbo ulipofika katikati aliwaashiria wapiga magitaa washushe sauti, akaimba:

*Hotuba ilipotiririka, bomba nalo likatiririka,*
*Hotuba ilipokatika, bomba nalo likakatika,*
*Mama beba ndoo yako, boza limekwisha ondoka.*

Ukumbi ulipasuka. Watu walipanda juu ya viti wakitaka arudie, akarudia. Wakataka tena, akarudia tena. Ndipo walinzi wa Waziri walipopanda jukwaani.

Mimi nilikuwapo. Baadaye ilitangazwa kwamba sisi tuliokaa karibu na jukwaa hatukuwapo, na kama raia mwema nimekubali, isipokuwa macho yangu bado hayajapata taarifa. Jukwaa la ukumbi ule lilipita kimo cha mtu, na chini yake ni sakafu ya saruji. Walinzi walimshika huyu mkono, yule mguu. Walimtupa. Alianguka kwa kichwa. Mpiga ngoma, ambaye alikuwa amefumba macho kama kawaida yake, aliendelea kupiga kidogo peke yake, kisha naye akanyamaza.

Gari la wagonjwa halikupatikana kwa kuwa lilikuwa limeazimwa kwenye msafara wa Waziri. Luhende alikufa njiani, juu ya mkokoteni wa muuza maji.

Jioni hiyo Redio ya Taifa ilisoma taarifa kwa sauti ya majonzi. "Msanii wetu mpendwa, kwa furaha isiyo kifani ya kumwona Mheshimiwa Waziri, aliruka kutoka jukwaani ili amkumbatie. Taifa limempoteza mtu aliyeipenda serikali kupita uwezo wa miguu yake." Alizikwa kwa heshima zote. Mheshimiwa Kidamba alilia kwa leso mbili, ya pili akiwa amepokezwa na msaidizi, na akaahidi kwamba barabara itaitwa jina la Luhende mara itakapojengwa.

Mjane wake aliitwa Mwanne. Alikuwa mshona mapazia, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, na hakuwa mpenzi wa muziki. Siku za Jumapili alikuwa akibaki nyumbani. Kwa hiyo alikuwa mtu pekee katika mtaa mzima ambaye hakujua mumewe alikufaje, maana kila aliyekuja kumpa pole alimtazama usoni, akapangusa machozi, akaanza kusifu chakula cha msiba.

Arobaini ilipopita alikwenda kwa Siwatu. Aliketi ukingoni mwa kochi bila kuvua mtandio.

"Mwalimu," alisema, "wanasema wewe unayo."

 Singano alisimama akafunga dirisha.

"Mdogo wangu," Siwatu alisema, "ninayo. Lakini sikushauri."

"Siku zote hizi redio inaniambia mume wangu aliruka. Saa kumi na mbili jioni anaruka, saa mbili usiku anaruka. Luhende alikuwa akiogopa hata kupanda kwenye stuli kuwasha taa. Nilikuwa nawasha mimi. Niwekee, dada yangu."

Siwatu akaweka. Yakasikika magitaa, kicheko, ule ubeti mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mwanne alitabasamu kidogo kwenye neno "ndoo"; nadhani aliona aibu kutabasamu. Kisha vikasikika viatu vikipanda mbao. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, na sauti ya Luhende ikaja karibu, si ya kuimba, ya mtu anayebembeleza.

"Jamani niacheni, nashuka mwenyewe. Ngazi si hizo hapo?"

Halafu sauti nyingine kutoka chini, ya mtu aliyeshiba:

"Huyo asishuke kwa ngazi."

Kilichofuata Siwatu alitaka kukizima, Mwanne akamshika mkono. Alisikiliza mpaka ngoma ilipobaki peke yake, mpaka nayo ikakoma. Hakulia. Alisema, "Rudisha pale anaposema anashuka." Siwatu akarudisha. Akamrudishia tena na tena, mpaka Singano akatoka nje kwa sababu alishindwa kukaa.

"Aliwaomba," Mwanne alisema. "Aliwaomba vizuri kabisa."

Siku hiyo Siwatu aliacha kuwa mtu wa kupenda muziki tu. Alinakili kanda ile mpaka vifungo vya redio vikapata moto. Kila mwanakanda alipewa nakala, naye akanakili nyingine, zikapanda garimoshi ndani ya vikapu vya dagaa na mifuko ya mchele. Waliiita Jumapili ya Bomba. Baada ya muda mfupi ilikuwa ikisikilizwa kwa vinyozi, kwenye majiko ya mabweni, kwenye karakana za reli. Watu waliinamisha vichwa kanda ilipofika pale penye ngazi. Inasemekana hata walinzi wa Ikulu walikuwa nayo, ila wao walisikiliza kwa ajili ya upelelezi.

Hapo ndipo usikivu wa serikali ulipodhihirika. Bunge lilipitisha, kwa makofi, Sheria ya Kulinda Sauti za Marehemu. Kwa mujibu wake, sauti ya mtu aliyefariki ni mali ya Serikali mpaka mwenyewe atakapokuja kuidai. Kila raia mwenye tepu alitakiwa kuisalimisha kwenye Mamlaka ya Hifadhi ya Sauti ili itunzwe kitaalamu. Mkurugenzi wa Mamlaka hiyo, Bwana Shekiondo, alikuwa na shahada ya ufugaji wa nyuki, na shemeji yake alikuwa Waziri Kidamba.

Amri iliandikwa "tepu zote," na polisi wetu ni watu wa nidhamu. Walichukua kanda za harusi, za kwaya na za mawaidha. Walichukua tepu za mafundi cherehani, ikabidi kwa muda nguo zishonwe kwa kukisia. Watumishi wengi wa umma walivaa suruali zilizoishia magotini na hakuna aliyethubutu kuuliza. Hospitali kuu walichukua plasta, maana nazo ni tepu, wakiwabandua wagonjwa taratibu na kwa heshima. Mwanne naye alichukuliwa tepu yake ya kupimia mapazia. Alimpa askari.

Nyumbani kwa Siwatu walikuja na lori. Kabati zima la Jumapili za miaka yote lilibebwa: Jumapili ya Unga, ya Mganga, Jumapili mvua ilipoingia ukumbini na bendi ikapiga watu wakicheza ndani ya maji. Siwatu aliwafuata hadi ofisini kwa Bwana Shekiondo akitaka kujua zitahifadhiwa wapi. Alimkuta Mkurugenzi amesimama kando ya meza kubwa ya chuma, vijana wake wakipitisha sumaku juu ya kanda moja baada ya nyingine.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Tunahifadhi, Mwalimu," Bwana Shekiondo alisema kwa upole. "Adui wa kanda ni uchakavu. Kila ikisikilizwa inachakaa. Hizi sasa haziwezi kuharibika kabisa, maana ndani hamna kitu."

 Siwatu alimwambia Singano baadaye kwamba alihisi kama mtu anayetazama watoto wake wakioshwa kwa tindikali na muuguzi anayetabasamu. Kwa Bwana Shekiondo alisema tu, "Mungu akulaani," naye akajibu kwamba laana zinapokelewa dirisha la pili.

Lakini Jumapili ya Bomba ilikuwa imekwisha enea kupita sumaku zote. Mabalozi wa nchi rafiki waliisikia na kuuliza maswali. Mwanne, naye, alikwenda kila asubuhi kuketi mlangoni kwa Mwanasheria Mkuu, akafukuzwa, akarudi. Hatimaye serikali, kwa kupenda haki, iliunda Tume ya Kuchunguza Furaha Iliyosababisha Kifo cha Msanii. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mzee aliyesinzia kwa hekima.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Siwatu aliitwa kwanza.

"Mwalimu," Mwenyekiti alisema, "una kibali cha kusikia?"

"Kusikia kunahitaji kibali, Mheshimiwa?"

"Kusikia ni bure. Kusikia na kubaki nacho ndiko kunakohitaji kibali."

Nakala ya Jumapili ya Bomba iliyoponea sumaku ikachezwa. Iliposema "Huyo asishuke kwa ngazi," watu wote waligeuka kumtazama Waziri Kidamba. Yeye alikuwa akijipepea na karatasi za ajenda. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Nashukuru kwa nafasi hii," alisema. "Ni sauti yangu, sikatai. Nilimwona kijana anatoka jasho, nikaingiwa na huruma. Nikasema, huyo asishuke bila nazi. Maji ya nazi, Mwenyekiti, ni dawa ya jasho. Hilo hata bibi yangu alilijua."

Bwana Shekiondo akaitwa kama mtaalamu wa sauti. Alithibitisha kwamba katika hewa ya joto neno "bila" hulegea likawa "kwa," na kwamba herufi G ina tabia ya kujipenyeza mahali isipoalikwa, hasa katika kanda zilizotengenezwa nje ya nchi. Katibu wa Tume aliandika yote hayo.

Mwanne akasimama. Hakuwa ameitwa.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Mume wangu alipewa hiyo nazi?"

Waziri alimwangalia kwa huzuni kubwa. "Mama, kwa bahati mbaya alifariki kabla ya kuipokea."

 Huko nyuma mtu mmoja akasema, "Mimi nilikuwa kaunta ya vinywaji. Nilirekodi." Akapita mbele na kanda yake mkononi. Dada mmoja akasema yeye alikuwa mlangoni. Mwingine alikuwa chini ya feni. Wanakanda walisimama mmoja mmoja, wakijua kabisa sheria inasemaje, wakaja kuweka kanda zao mezani kwa Tume. Zikachezwa. Katika ya kaunta chupa zinagongana, katika ya mlangoni kuna honi ya baiskeli, lakini katika zote Luhende anaomba ashuke mwenyewe na katika zote anajibiwa vile vile. Ya mwisho ililetwa na mtu aliyekuwa ameketi nyuma ya meza ya Waziri. Hiyo ilikuwa safi kuliko zote. Humo Mheshimiwa Kidamba anasikika akitafuna mshikaki, anamaliza kutafuna, anameza, ndipo anasema.

Mwenyekiti aliamka. Tume ilikwenda faragha, ikala chakula cha mchana, ikarudi na uamuzi.

"Kanda moja ingeweza kukosea," alisoma, "na Tume ingeisamehe. Lakini kanda nyingi, kutoka pembe mbalimbali, kukosea kwa namna moja, herufi kwa herufi, huo ni ushahidi usiopingika wa njama. Tume inamsafisha Mheshimiwa Waziri, na inampongeza kwa moyo wake wa kutoa nazi."

Hapo Siwatu alipiga kelele. Mwanamke yule aliyezoea kuwanyamazisha wasichana kwa kuwatazama tu juu ya miwani alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Mmeua mtu! Mmemuua mchana, mbele ya watu, anawaomba ashuke kwa miguu yake, halafu mnakaa hapa mnabishana na herufi! Hamna haya? Hamna hata haya kidogo?"

Katibu wa Tume aliacha kuandika. Askari wawili walimtoa, miwani ikabaki sakafuni, Singano akainama kuiokota. Wanakanda waliokuwa wamesalimisha kanda walipigwa faini na kufukuzwa kazi. Siwatu alihukumiwa kifungo kwa kumiliki sauti ya marehemu bila idhini ya marehemu. Ninapoandika haya yuko gerezani. Singano humpelekea uji na miwani ile ile iliyofungwa kwa uzi, na huambiwa kila mara kwamba miwani ni kifaa cha kuonea, kinahitaji kibali. Mara ya mwisho aliruhusiwa kumwona kwa muda mfupi. Alimkuta amekonda, amekatwa nywele. Alimuuliza kama anajuta. Siwatu alimjibu kwamba anajuta kitu kimoja, kwamba hakukaa karibu zaidi na meza ya Waziri.

Waziri Kidamba hakubaki kwenye maji. Kwa kuwa alikuwa amepitia machungu ya kutuhumiwa, Rais aliona hakuna anayeielewa haki kuliko yeye, akamfanya Waziri wa Sheria.

Mwanne alikwenda kwa Singano asubuhi ya siku ambayo Waziri mpya wa Sheria alitarajiwa kuhutubia uwanjani. Mamlaka ilikuwa imechukua kanda lakini ilisahau redio kaseti yenyewe, kwa sababu amri haikuitaja.

"Shemeji," alisema, "hiki kitu kinabonyezwaje?"

 Singano aliketi naye mezani, akamwonyesha.

"Hiki chekundu?"

"Chekundu na hiki cha pembeni, kwa pamoja. Usikilazimishe. Ukisikia kimeingia, acha."

"Na kanda?"

Singano alikwenda uani, akarudi na kasha la sabuni. Ndani mlikuwa na kanda mpya, tupu, bado zimo kwenye nailoni zake.

Uwanja ulikuwa umejaa wanafunzi walioletwa na walimu na wafanyakazi walioletwa na mabosi. Mwanne alipita katikati yao na kikapu cha ukili, akaketi safu ya mbele chini, mkabala na jukwaa, akaitoa redio, akaipakata, akabonyeza. Askari hawakumzuia. Sheria ilizungumzia sauti za marehemu, na Mheshimiwa alikuwa hai kabisa.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa Kidamba alianza, "haki..."

Akaiona. Akainama kwa msaidizi wake, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, uwanja mzima ulisikia.

"Yule mama ana nini?"

"Redio, Mheshimiwa."

"Inasema nini?"

"Haisemi, Mheshimiwa. Inasikiliza."

Waziri alinyanyua macho. Safu ya pili palikuwa na dada mmoja mwenye redio magotini. Upande wa kushoto, yule mtu wa kaunta. Kando ya nguzo ya bendera, mwanafunzi wa sekondari ya wasichana mwenye sare, ameishika ya kwake kwa mikono miwili. Zilikuwa nyingi, na vitaa vyake vyekundu vilikuwa vikiwaka. Walinzi walimtazama Waziri wakisubiri amri. Alifungua mdomo ili aitoe. Aliufumba. Akaufungua tena, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuna amri anayoweza kuitoa bila kuisema.

Jasho lilimtoka. Wanafunzi walianza kunong'ona, kisha nao wakanyamaza. Uwanja mzima ukasikia tu mlio mdogo wa kanda zinazozunguka.

"Sema, Mheshimiwa," Mwanne alimwambia kutoka pale alipoketi. "Kanda bado ndefu."